Barua Zisizo na Mkono wa Fabiani

Morogoro
14 Februari 1998

Dada yangu mpendwa Kasilda,

Natumaini karatasi hii itakukuta una nguvu zako, wewe na shemeji Leodgar na wapwa zangu wote. Huku mvua imenyesha kama imetumwa. Reli imekatika mara mbili, na barua yako ya Krismasi imenifikia juzi ikiwa imelowa na kukauka hadi imevimba. Nimeisoma hivyo hivyo. Nimefurahi kwamba Edina kavuka darasa la nne. Mwambie mjomba wake anampongeza.

Utashangaa kuona nimekuandikia kwa chapa. Nimenunua kompyuta. Si yale makubwa kama televisheni yanayokaa mezani. Hii ni ya kubeba, inafunguka kama kitabu, wenyewe wanaiita laptop. Ilikuwa ya mwalimu mmoja wa chuo aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Ni kuukuu. Kioo chake hakina rangi, betri haikai hata dakika tano, na ukiiwasha unaweza kwenda kuteka maji ukarudi ukaikuta bado inajifikiria. Ile mpya ya dukani siwezi hata kuota. Kwa mtu kama mimi hii inatosha, na siku hizi kazi zote za uchapaji zinaelekea kwenye mashine hizi. Aliyechelewa kujifunza atabaki nje.

Kiwandani mambo ni ya kawaida.

Niambie habari za shamba la baba kule Mwamkulu. Mwaka huu mmelima?

Mdogo wako,
Fabiani


Sitalike
22 Machi 1998

Kwako Fabiani mdogo wangu,

Sisi tupo. Leodgar alilala na malaria wiki mbili, sasa ameamka ila bado anatembea kama mzee. Mgahawa wangu unakwenda. Malori yamepungua kwa sababu ya tope, lakini yakikwama hapa Sitalike madereva wanakula mara mbili, kwa hiyo sina la kulalamika. Mto umejaa, viboko wanapanda hadi kwenye bustani yangu ya mchicha. Edina amepokea pongezi zako, anauliza hiyo kompyuta inaongea?

Sasa wee, nikuulize. Barua gani hii umeniletea? Nimeigeuza mbele na nyuma. Mwandiko wako uko wapi? Hata jina lako hapo mwisho limepigwa na mashine, sahihi hakuna. Mama alipofariki ulikuwa na miaka tisa, mimi ndiye niliyekukalisha chini na daftari. Nimekuona unaandika herufi mpaka padri akakuita uandike vyeti vya ubatizo vya parokia nzima. Kiwanda cha uchapaji cha Morogoro kilikuchukua kwa sababu ya mkono huo huo, uwachoree kadi za harusi. Leo unaniandikia kama ofisi ya kodi? Nilimpa Leodgar aisome, akasema, “Hii ni ya serikali au ya Fabiani?”

La shamba ni baya. Ubaldo, mtoto wa baba mkubwa, amefyeka bondeni, pale penye mpunga. Anasema wewe umeshakuwa mtu wa Morogoro na mimi ni mke wa watu, shamba halina mwenyewe. Baba mdogo Kassiani ataitisha kikao cha ukoo mwezi wa sita. Anataka neno lako kwa maandishi kwamba hujaliacha. Anaujua mwandiko wako, na Ubaldo anaujua. Ndiyo maana nasema andika kwa mkono, uweke na sahihi.

Usichelewe.

Dada yako,
Kasilda


Morogoro
2 Mei 1998

Dada Kasilda,

Pole kwa kuuguza. Mpe shemeji pole yangu, na mwambie mimi si serikali.

Kuhusu mwandiko, usiwe na wasiwasi. Mtu akishazoea mashine, kalamu inakuwa nzito. Nina mwenzangu ninayepanga naye chumba, anaitwa Anicet, alikulia huko huko kwetu, Katumba, ni fundi wa redio. Ameifungua kompyuta yangu chini kabisa akaipangusa vumbi. Alipata kipande cha memori kwenye mashine nyingine iliyokufa, akakichomeka humu. Memori ndiyo akili ya mashine, ikiwa ndogo inachoka haraka. Zamani nilikuwa namaliza kikombe cha chai kabla haijafunguka, sasa nafika nusu. Anataka pia tubadilishe diski, ile inayotunza yaliyoandikwa, lakini hilo litasubiri. Naichomeka kwenye umeme muda wote, na umeme ukikatika ukurasa wote unapotea, naanza upya. Barua hii ni ya tatu. Mbili zimekwenda na umeme.

Nimeambatanisha neno langu kwa ajili ya kikao. Nimeeleza kwamba sijaliacha shamba la baba na kwamba wewe unalisimamia kwa niaba yangu. Badala ya sahihi nimeweka dole gumba, ambalo mahakamani lina nguvu kuliko sahihi. Waambie hivyo.

Samahani kwa ufupi. Nina kazi nyingi.

Fabiani


Sitalike
9 Juni 1998

Kwako,

Leo sijui niandike jina gani hapo juu.

Watoto wazima, Leodgar mzima, kuku wamekufa karibu wote kwa mdondo. Hizo ndizo habari za nyumbani, na kama wewe ni Fabiani utasikitika, maana yule jogoo mwekundu ulimleta wewe.

Dole gumba ni la mtu asiyejua kuandika. Marehemu baba aliweka dole. Bibi aliweka dole. Fabiani anaweka dole kwa lipi? Nimeiweka karatasi hiyo mezani siku nne, naipita naitazama. Imepigwa chapa, imepigwa dole, haina hata alama moja ninayoweza kusema hii ni ya ndugu yangu. Na kila nikisoma nakutana na Anicet. Anicet kaifungua mashine, Anicet anataka diski. Mtu mnayelala naye chumba kimoja anajua jina la dada yako, anajua Mwamkulu, anajua kila kitu. Mtu kama huyo akiamua kuandika barua, mashine haitamkataza.

Kwa hiyo kama wewe ni Anicet unayesoma hapa, nakuuliza kwa adabu, ndugu yangu yuko wapi? Kama amefungwa, sema. Kama amekufa, niambie nimlilie.

Na kama ni Fabiani kweli, nijibu hili. Siku nyati alipoingia kwenye mihogo yetu, tulipanda mti gani?

Kasilda


Morogoro
26 Julai 1998

Dada,

Nimeikuta barua yako jana. Nimesikitika kwa jogoo.

Hatukupanda mti wowote. Tulijifungia kwenye ghala la mahindi, ukanikalia mguu mpaka ukafa ganzi, na nyati alipoondoka ulisema tusimwambie mama kwamba ulijikojolea. Sijamwambia mtu hadi leo, hata Anicet. Umeridhika? Sikufikiri ingefika siku dada yangu ananitega kama mwizi wa ng'ombe.

Sasa na mimi nina swali. Wiki iliyopita nilikuwa stesheni, nikakutana na mtu wa Mpanda anayepeleka asali Dar. Ananiambia kikao cha ukoo kilikaa tangu tarehe ishirini mwezi wa sita na Ubaldo ameshalima bonde zima hadi barabarani. Nimemwuliza mara mbili, “Una hakika?” Akasema alipita mwenyewe akaona ng'ombe wakivuta plau. Mimi nimetuma neno langu kwa wakati. Wewe umenyamaza. Sijaandikiwa kikao kilisema nini, nani alikuwepo, neno langu lilisomwa au halikusomwa. Hivi ni nani anayemficha mwenzake?

Sitaki kuamini kwamba mmeelewana na Ubaldo. Lakini ukimya wako unanifikirisha mambo ambayo sikuwa nayafikiria.

Mwaka huu sitaweza kuja. Usiniulize sababu.

Fabiani


Sitalike
30 Agosti 1998

Fabiani,

Tuko salama. Mavuno ya mahindi yalikuwa ya wastani. Panya wengi.

Habari ya kikao tuiache kwanza.

Jibu lako la nyati ni kweli. Lakini mtu anaweza kumsimulia mwenzake chumbani, na mwenzake akaandika. Nisamehe, ndivyo moyo wangu ulivyo sasa. Ulinizoeza mwandiko wako miaka ishirini, halafu umeuondoa ghafla bila sababu, unataka niseme sawa.

Anayekupa barua hii mkononi ni Scola, binti wa jirani yangu, anakuja huko kusomea ualimu. Unamjua, ulimwandikia cheti cha kipaimara. Nimemkataza kukuachia mlangoni. Nimemwambia, “Usiondoke hadi umwone kwa macho, useme naye, kisha uniandikie yukoje.” Na wewe mwandikie dada yako mistari mitatu kwa kalamu, mbele yake. Mitatu tu. Ukikataa nitajua, na nitapanda treni mwenyewe hata kama nitauza sufuria zangu.

Kasilda


Morogoro
27 Septemba 1998

Dada. Huu ni mkono wa kushoto.
Mistari hii imenichukua asubuhi nzima.
Ni mimi. Nisamehe.

Sasa narudi kwenye mashine, maana huko juu Scola amenishikia karatasi isiteleze, na ameanza kulia, na mimi sitaki.

Mwaka jana, tarehe kumi na tisa Novemba, tulikuwa na kadi za harusi za mtu mkubwa, zilitakiwa jioni. Nilikuwa nimezichora mwenyewe. Fundi wa mashine ya kukatia karatasi hakuja siku hiyo. Msimamizi akasema, “Tusubiri hadi kesho.” Mimi nikasema, “Nitakata mwenyewe, nimemwona akikata mara mia.” Hakuna aliyenituma, dada. Nilikuwa na haraka ya kuona kazi yangu imekamilika. Karatasi za chini zilikaa upande, nikaingiza mkono kuzinyoosha, na mguu wangu bado ulikuwa kwenye pedali.

Vidole vinne vya mkono wa kulia. Kimebaki dole gumba. Unaweza kucheka au kulia, lakini dole lile ulilopelekewa ni hilo hilo lililobaki.

Nililala hospitali wiki sita. Barua yako ya Krismasi ilinikuta nimeshatoka. Kiwandani walinipa kitu kidogo na kuniambia hawana kazi ya mchora herufi asiye na mkono. Kitu hicho kidogo ndicho nilichonunulia kompyuta. Watu walinishangaa, walisema afadhali ningefungua genge la nyanya. Lakini nilikwenda kuiona kwa yule mwalimu, akaniachia nikae nayo mezani kwake. Nikabonyeza F kwa mkono wa kushoto, ikatokea F. Imesimama sawasawa, haitetemeki, haijui imebonyezwa na kidole gani. Nilikuwa sijafurahi hivyo tangu Novemba. Anicet alibeba mashine hadi nyumbani kwa sababu mimi nilikuwa sijajua kubeba kitu kwa upande mmoja. Ndiye aliyekuwa ananiosha. Huyo ndiye uliyemdhania mwizi, na nilimficha barua yako asiione.

Kwa nini sikusema? Uliacha shule ili mimi nisome. Ulichuuza maandazi stendi ya Mpanda ukanunua madaftari. Kila mgeni akija ulikuwa unatoa barua zangu kwenye kopo, unasema, “Tazama mwandiko wa mdogo wangu.” Ningekuandikiaje kwamba mkono ule nimeuingiza mwenyewe kwenye kisu, kwa kiherehere changu? Kila nikijaribu kuanza sentensi hiyo, nilikuwa namshukuru Mungu umeme ukikatika.

Sasa umejua. Usije kwa treni ukalie hapa. Naishi. Nawachapia wanafunzi wa chuo karatasi zao, na tangu memori iongezwe naweza kumaliza kurasa kumi kwa siku.

Lakini bado hujanijibu kuhusu kikao.

Fabiani


Sitalike
25 Oktoba 1998

Fabiani mdogo wangu, mtoto wa mama,

Barua ya Scola ilifika kabla ya yako. Nilikuwa natoa wali kwa madereva, nikaifungua nimesimama. Leodgar ndiye aliyemalizia kuhudumia watu. Siku tatu sikufungua mgahawa.

Mwambie Anicet namwomba radhi. Mwambie jina lake nimelitaja vibaya hapa kwa majirani, na nimezunguka nyumba kwa nyumba kulisafisha. Nitamtumia asali.

Sasa la kikao. Nimelificha kwa sababu nikiliandika nitakuwa nimelikiri. Soma ukiwa umekaa.

Tulikaa Mwamkulu nyumbani kwa baba mdogo Kassiani, watu kama kumi na tano. Ubaldo alikuja amevaa shati jipya. Nikatoa neno lako. Baba mdogo akalisoma hadi mwisho, akavua miwani, akaniuliza, “Kasilda, hii ni ya Fabiani?”

Ningesema ndiyo, ingekwisha hapo.

Ubaldo akaingilia, “Hiyo hata mimi naweza kwenda kupigiwa mjini. Mwulizeni mwandiko wa ndugu yake anaujua au haujui.”

Baba mdogo akasema, “Nakuuliza wewe, binti yangu. Unaweza kuapa kwamba hii imetoka kwa mdogo wako?”

Na mimi nikasema, “Siwezi. Siijui hii barua. Mwenyewe nina mashaka nayo.”

Nilisema hivyo mbele ya watu, Fabiani. Nilidhani nakulinda. Nilidhani kuna mtu amekuua anataka kula shamba lako, na mimi sitamruhusu. Ubaldo alitabasamu tu. Baba mdogo akasema basi, kama dada mtu mwenyewe anakana, shamba la bondeni Ubaldo alilime mpaka Fabiani atakapojitokeza. Sikumuuzia. Sikuelewana naye. Nilimpa bure kwa mdomo wangu.

Uliponiuliza kama nimekubaliana na Ubaldo, nilikasirika sana, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa baya kuliko ulivyodhani.

Nimemaliza. Sina cha kujitetea.

Kasilda


Morogoro
6 Desemba 1998

Dada,

Watoto nawasalimu.

Nimekaa na barua yako wiki kadhaa. Nilianza kukujibu mara nyingi na nikafuta. Uzuri wa mashine hii ni kwamba ukiandika neno la kumchoma mtu unaweza kulifuta bila kuacha alama. Nimefuta mengi.

Ulinikana nikiwa hai. Hilo limeniuma kuliko kisu, sitakudanganya. Halafu Anicet, ambaye nilimsomea barua yako yote, pamoja na ile ya mwezi wa sita iliyomtukana, akaniambia, “Wewe ulimpelekea karatasi isiyo na mtu, ulitaka aape nini?”

Bwana asali, yule wa stesheni, amepita tena. Anasema Ubaldo anajitangaza kwamba mimi nimekufa.

Nitakuja Januari. Mwambie baba mdogo Kassiani aitishe watu.

Fabiani


Sitalike
28 Desemba 1998

Fabiani,

Nimemwambia. Amesema tarehe ishirini na tatu. Ubaldo ameambiwa pia, amesema hana shida.

Leodgar atakuwa stesheni ya Mpanda kila treni inapoingia kuanzia tarehe kumi na nane, na mimi nitakuwa naye. Radhi sitaiomba tena kwa karatasi. Njoo.

Kasilda


Morogoro
14 Machi 1999

Dada yangu Kasilda,

Nimefika salama. Treni ilikaa Tabora siku nzima, nikala mayai ya kuchemsha hadi nikayachukia. Anicet amepokea asali, amesema asikusikie tena unaomba radhi. Mwambie Edina kompyuta haiongei bado, ila diski mpya tumeiweka, sasa haipotezi kitu.

Umeniuliza siku ya kuagana kama nimekusamehe, treni ikapiga honi na mimi nikapanda bila kujibu. Najibu hapa.

Siku ya kikao nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Nilikaa na mkono kwenye mfuko wa koti. Baba mdogo Kassiani akasema, “Fabiani, wengine hapa wanasema umekufa.” Nikasimama, nikautoa, nikauweka mezani mbele ya Ubaldo. Nilitaka aone haya. Lakini Ubaldo aliutazama, uso ukambadilika, akasema kwa sauti ndogo, “Ndugu yangu, umepatwa na nini?” Wala hakuwa anaigiza. Nilikuja kupigana nikakosa mtu wa kupigana naye. Ndiyo maana nilikubali upesi avune mpunga aliokwisha kuupanda kabla ya kurudisha bonde, na kipande cha barabarani kibaki kwake. Najua ulinuna. Ungekuwa mahali pangu ungefanya hivyo hivyo.

Lakini kilichonibadilisha kilikuwa cha asubuhi iliyofuata. Tangu nilipopata ajali, watu wote wananitendea kama yai. Scola analia. Anicet ananimenyea machungwa. Pale stesheni ulinipokea begi hukuutazama mkono wangu, na njia nzima hukuutazama, nikasema moyoni, huyu naye ananiogopa. Asubuhi ile ukatoka nje na majembe mawili, ukanitupia moja miguuni, ukasema, “Shamba la juu halijapaliliwa, nyie watu wa mjini mnalala mpaka saa ngapi?”

Nilifikiri umesahau. Kisha nikaona hujasahau. Nikaliokota kwa kushoto, nikalibana mpini kwa kiwiko cha kulia, nikapiga pigo la kwanza. Jembe likaruka, likageuka, likafyeka mche mzuri wa mahindi. Nikapiga la pili, nikakata mwingine. Nikakutazama. Ulikuwa umejishika tumbo, unacheka hadi machozi, ukasema, “Fabiani, shika jembe, usiyachinje mahindi!” Na mimi nikaanza kucheka, nikakaa chini kwenye matuta, tukacheka wote wawili mpaka Leodgar akatoka nje kuuliza kuna nini.

Mwaka mzima na zaidi hakuna mtu aliyekuwa amenicheka. Hilo ndilo jibu langu.

Nikija mwezi wa saba tutavuna mahindi yaliyobaki.

Mdogo wako,
Fabiani